Mpishi Aliyeimba kwa Vidole

Kuna saa fulani ya mchana pale Riyadh ambayo haina mwenyewe. Watu wamekula, vyombo vimeoshwa, baba mwenye nyumba amelala sebuleni na kilemba chake chekundu kimemfunika uso, madam amejifungia chumbani, na watoto wamechoka hata kugombana. Nje jua limeupiga ukuta wa jirani mpaka huwezi kuutazama. Ndani ni ubaridi wa mashine na harufu ya udi wa asubuhi uliokataa kuondoka. Saa hiyo Mpishi alikuwa akiwasha feni ya kuvuta moshi juu ya jiko, ingawa hakuna kilichopikwa, akavuta kiti, akanishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akaanza kuimba.

Hakutoa sauti. Aliimba kwa ncha za vidole juu ya kiganja changu, na midomo yake ikifuata maneno ambayo sikuyajua. Kila wimbo ulikuwa na mwendo wake. Mmoja ulitembea kama mtu mwenye haraka ya kufika nyumbani, mwingine ulikokota, mwingine ulisimama katikati kana kwamba umesahau kitu, kisha ukaendelea. Baada ya muda nilianza kuzitambua nyimbo zile kwa ngozi, nami sikuwahi kuzisikia hata mara moja kwa masikio. Mpaka leo nikipata usingizi wa mchana huota mtu ananigonga kiganjani, nikiamka naona ni mkono wangu mwenyewe umelala vibaya.

Jina lake silitaji, wala nchi yake. Iko ng'ambo ya Bahari ya Shamu na bado ana watu wake huko. Serikali ya huko iliandika dini zinazoruhusiwa, na kikundi chao cha walokole hakikuwamo. Kanisa lao likafungwa, wakahamia nyumbani kwa mtu, nyumba ikavamiwa kwa sababu jirani alisikia nyimbo. Basi wakajifunza kuimba hivi. Wanakaa duara, mkubwa wao anaanza kwenye kiganja cha jirani yake, naye anampigia wa pili, wimbo unazunguka chumba kizima kimya kimya mpaka unamrudia aliyeuanzisha. "Ukirudi," Mpishi aliniambia, "unajua wote wako. Usiporudi, mmoja amelala ama mmoja ameogopa."

Mimi ni Mtaita, natoka Voi, na kwetu Mungu tunamwita kama mtu aliye upande wa pili wa bonde. Ngoma, kayamba, vigelegele, mchungaji na kipaza sauti chake kinachopiga mluzi. Siku ya kwanza aliponiimbia nilicheka nikamwambia kwamba huko si kuimba, ni kupapasa. Hakukasirika. Aliniambia Mungu wa Voi lazima ana masikio mabaya.

Nilifika nyumba ile kufanya usafi na kuangalia watoto, naye alikuwa amekwisha kuzeeka na jiko lile. Alikuwa mfupi, mpana, na unga haukumtoka kwenye nyusi hata sikukuu. Kiswahili alikiokota Nairobi, kwenye jiko la hoteli moja Eastleigh, alikopita akikimbia, na alikizungumza kwa kujiamini kuliko wenye nacho. Asubuhi ya kwanza alinipa sheria. "Yaya ni wewe, mpishi ni mimi. Ukigusa kisu yangu tutakosana." Kwa hiyo nikamwita Mpishi, na sijamwita jina lingine.

Alipika vyakula vya Kihijazi vizuri kiasi kwamba mama mkwe wa madam, bibi mwenye ulimi mkali, alikuwa akija kutoka Jeddah kulalamika na kuondoka amebeba vibakuli. Alikuwa na misemo ya jikoni ambayo sijui aliitoa wapi, nadhani alijitungia. Wali ukiutazama sana unaona haya, hauivi. Kitunguu ni kama afisa, kinataka ulie kwanza ndipo kikutumikie. Mgeni anayesifu kabla hajaonja ana shida nyumbani kwake. Aliisema kwa uso mkavu, akaendelea kukoroga, nami nabaki nikicheka peke yangu.

Mtu wa sala, lakini umbea aliupenda. Alijua ni dereva gani wa mtaa ule anamwandikia nani, na ni madam gani amenuna. Alitazama tamthilia za Kituruki kwenye simu na kuwalilia matajiri kwa machozi ya kweli. Ramadhani ikifika alifunga pamoja na nyumba nzima, bila mtu kumwomba. Nilipomuuliza kwa nini, alisema hawezi kuonja mchuzi mbele ya watu wenye njaa, na pia kwamba akifunga anasikia harufu ya chumvi.

Na alidanganya. Hili lazima niliseme kwa sababu watu wakisikia habari zake hufikiri alikuwa malaika. Alidanganya kwa urahisi wa mtu anayemenya kitunguu. Baba alikuwa na sukari, na madam aliuliza kila siku kama amekula tende. "Hata moja," Mpishi alijibu, na mbegu za tende ziko mfukoni mwa aproni yake. Chombo kikivunjwa na mtoto, kilivunjwa na paka, na nyumba haikuwa na paka. Kila mgeni aliambiwa kwamba sambusa zile zimepikwa kwa ajili yake peke yake. Nilimuuliza siku moja kama Mungu wake wa vidole halioni jambo hilo. Alifikiri kidogo. "Anaona," alisema. "Lakini jikoni kuna moshi."

Tulilala chumba kimoja, kile kidogo nyuma ya jiko, na humo ndimo tulimogombana. Riyadh wakati wa kiangazi si mahali pa mzaha. Hata maji ya bomba yanatoka ya moto. Chumba kilikuwa na mashine ya ubaridi, nzima kabisa, naye alikuwa akiizima. Mimi nawasha, yeye anazima. Nilimwona ana wazimu, na siku moja nilimwambia hivyo, na mengine mabaya zaidi ambayo mtu aliyeloa jasho huyasema. Alinisikiliza mpaka nikaisha. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kitanda chake na kunisimulia habari za mdogo wake wa kike.

Mdogo wake alikamatwa kwenye mkutano wa sala, katika nyumba ile iliyovamiwa. Walimweka pamoja na wengine ndani ya kontena la chuma, haya haya yanayobeba mizigo bandarini, jangwani. Mchana chuma kinawaka, usiku kinaganda. Kila baada ya muda afisa anafungua mlango na kumwambia aseme neno moja tu kwamba ameiacha imani ile, aende nyumbani. Mdogo wake anasema hapana. Mlango unafungwa. Imekuwa hivyo miaka na miaka, na habari zinamfikia Mpishi kwa kupitia watu wengi, kila mmoja akiogopa kidogo.

"Nazima kidogo tu," aliniambia. "Nikiweza kuvumilia, najua na yeye ameweza leo."

Nikalia. Tangu siku hiyo ikawa hivi: anaizima nikiwa sijalala, naiwasha akishalala. Nadhani alijua ninaiwasha.

Kisha kazi ya baba ikahamia Jeddah, nasi tukahamia na masufuria yetu yote. Jeddah ilimfaa. Hewa ni nzito, ukitoka nje miwani inaingia ukungu, na jioni mji wote unaelea kama kitu kilicholowekwa. Alisema anasikia harufu ya kwao upepo ukigeuka. Sikuamini, lakini alikuwa akisimama dirishani na kufumba macho, na uso wake ukawa wa msichana. Ijumaa tulipata ruhusa pamoja, tukaenda mtaa wa Al-Baghdadiyah kwa mwanamke mmoja wa kwao aliyepanga chumba juu ya duka la vitambaa. Walikuwa wachache. Tulikaa duara kwenye zulia, mimi Mtaita katikati yao, wimbo ukanipitia kiganjani nami nikaupeleka mbele. Mara nyingi niliukosea. Ulipomrudia Mpishi alinitazama na kutingisha kichwa, kwa sababu alijua ulipoharibikia.

Ofisi ya ubalozi wa nchi yake nayo ilikuwa Jeddah. Kila mtu wao alipaswa kupita pale, maana pasipoti ni ya serikali, na bila pasipoti hakuna ikama, kile kibali cha kukaa, na bila ikama wewe si mtu. Mwaka mmoja jumuiya ya watu wao ikaandaa sherehe ya taifa lao kwenye ukumbi, na sifa za Mpishi zilikuwa zimefika. Wakamwomba madam awaazime mpishi wake. Madam akafurahi kana kwamba ameombwa mkufu. Mimi nilikwenda kumenya vitunguu.

Sijamwona tena na furaha kama ya siku ile. Alizungukwa na lugha yake. Wanawake walikuwa wakiingia jikoni kumsalimia, wanambusu bega, wanaonja. Ukumbini walipiga nyimbo za wanajeshi na bendera, lakini jikoni kulikuwa na mvuke na vicheko, na Mpishi alisimama mbele ya sufuria kubwa akingoja mchuzi uchemke, mkono mmoja kiunoni, mkono mwingine juu ya kifuniko. Nao ule mkono ukaanza kuimba. Hakujua. Ulikuwa ule wimbo unaosimama katikati kana kwamba umesahau kitu. Mimi niliutambua mara moja, na nilifikiri tu jinsi unavyopendeza juu ya bati.

Mzee mmoja mwenye suti alikuwa amesimama mlangoni na glasi ya juisi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamsogelea, akamwuliza kitu kwa upole, na Mpishi akajibu huku akicheka, lakini mkono aliuondoa kwenye kifuniko kama umeungua. Yule mzee naye akasema jambo fupi, akaonja mchuzi, akashukuru, akatoka.

"Ameuliza nini?" nikamuuliza.

"Ameuliza ni wimbo gani. Nimesema ni ya harusi."

"Na yeye?"

"Amesema mama yake alikuwa anampigia hiyo mgongoni, akiwa mtoto, ndio alale."

Wengine huponzwa na mdomo. Yeye aliponzwa na vidole. Mtu mwingine yeyote angesikia mpishi anagonga kifuniko. Ilibidi awe mtoto wa mama wa imani ile ile, aliyekulia ndani yake na kuikimbilia serikali, ndipo ausikie wimbo. Nimemfikiria sana mzee yule. Namchukia, na bado najiuliza alipokuwa amesimama pale na juisi yake alisikia nini hasa.

Mpishi alipopeleka pasipoti yake ofisini kufanywa upya, mzee yule alikuwa nyuma ya dirisha. Hakumtukana wala hakupaza sauti. Alimwambia pasipoti haina shida, ipo. Anachotakiwa ni kuja siku ya mkutano wa jumuiya, asimame mbele ya watu, aseme kwamba ameiacha imani ile. Basi. Hakuna cha kutia sahihi. Kwa lugha yao ni maneno matatu.

Nyumba yetu ikawa na maneno hayo matatu kila mahali, kwenye chai, kwenye ngazi, kwenye nguo za kupiga pasi. Baba alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo bila kulazimishwa na mtu. Alimpeleka mwenyewe kwa gari mara mbili pale ofisini, akangoja nje kwenye joto, na mara zote mbili Mpishi alirudi mikono mitupu. Mara ya pili baba alikuja jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akasimama karibu na friji.

"Miaka yote hii sijakuuliza unaomba nini," alimwambia kwa Kiarabu kile cha polepole alichotumia nasi. "Na sitauliza. Lakini sema, halas, yaishe. Mungu anaujua moyo wako. Hata mimi naujua."

"Ndiyo, baba," Mpishi alijibu.

"Ikama inakwisha. Ikikwisha, siwezi kukuficha. Watakurudisha kwenu."

"Najua, baba."

Alijua kuliko baba. Kurudishwa kwao maana yake ni kontena. Madam alilia, akamkumbatia, akamwambia ni maneno tu, upepo. Hata mwanamke wa Al-Baghdadiyah, aliyeimba naye duara moja, alimwambia aseme, Petro mwenyewe alikana na akasamehewa. Na mimi pia nilimwambia. Nilikuwa na hofu na hofu ilinipa ukali. Nilimwambia: wewe unadanganya kila siku ya Mungu, unadanganya kuhusu tende, umetuzulia na paka, leo uongo mmoja wa kuokoa shingo yako ndio umekuwa dhambi?

Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha.

"Ule ni uongo wangu," alisema. "Hii maneno si yangu. Dada yangu wanamfungulia mlango, wanamwonyesha barabara, wanamwambia sema hiyo maneno uende. Anasema hapana, anarudi ndani kwa moto. Sasa mimi niseme hapa, ndani ya ukumbi, kuna juisi? Nitakuwa nimemfungia mlango kwa nje."

Nilichukua upande wa pili wa sinia, tukachambua pamoja.

Aliondoka asubuhi moja kabla chai haijapelekwa juu, na mfuko mmoja na kisu chake. Kwa sheria, kafili, yaani mwajiri, anapaswa kutoa taarifa mfanyakazi akitoroka. Baba alichelewa kwenda. Kila siku aliyopangia kwenda ilitokea shughuli nyingine, na madam hakumkumbusha. Jikoni aliletwa mpishi mpya, kijana msafi aliyepima kila kitu kwa kikombe, na baba akaanza kula kidogo. Nyumba nzima ilimkosa Mpishi, ila hakuna aliyelitaja jina lake mbele ya mwenzake.

Niliposikia habari zake nilikuwa nimemaliza mkataba wangu, nangoja kurudi Voi. Mwanamke wa Al-Baghdadiyah alininong'oneza: yuko Karantina, kusini ya mji, anapika dirishani. Nikaenda Ijumaa baada ya swala ya mchana, wakati vichochoro vya kule vimejaa wanaume wa kila nchi wenye njaa moja. Nililiona dirisha kwa foleni yake. Mkono ulikuwa ukitoka na sahani, ukiingia na sahani, na niliutambua kabla sijaona uso.

Alikuwa amekonda. Aproni ilimzunguka mara mbili. Alinikumbatia mlangoni akanivuta ndani upesi, akafunga, akanikalisha juu ya gunia la mchele na kuniwekea chakula kabla hajaniuliza hali. Chumba kilikuwa na jiko la gesi, godoro lililosimamishwa ukutani, na mvuke mwingi hata nilimwona kama mtu aliye nyuma ya pazia. Alikuwa hatoki. Maaskari wakipita mtaani wale wanaume wa foleni walimgongea ukutani, naye anazima jiko na kunyamaza. Alinisimulia hayo kwa kuchekacheka, nami nikala, na chakula kilikuwa kile kile.

Simu yake ikalia. Akaitazama, akafuta mikono, akageukia ukuta. Alizungumza kwa lugha yao muda mrefu, mara nyingi akisikiliza tu. Nilisikia sauti ya mwanamke inalia upande wa pili. Alipomaliza alikaa chini, juu ya sakafu, na simu mapajani.

"Ametoka," alisema. "Dada yangu. Ametoka, yuko kwa shangazi yetu."

Nilifungua kinywa nipige kigelegele cha kwetu, akaniziba kwa mkono, tukabaki hivyo, macho yangu yakimwaga machozi juu ya vidole vyake.

"Alisema?" nikamuuliza aliponiachia.

"Alisema." Alikuwa akiitazama simu. "Walimwambia mimi nimesema kwanza. Ati nilisimama hapa Jeddah mbele ya watu, nikasema, wakanipa pasipoti, naishi vizuri. Akawaza, kama mkubwa wangu amesema, mimi nimekaa humu namlinda nani."

Sijawahi kuwa na hasira kama ile na sikuwa na wa kumpiga. Yule mzee wa suti, afisa wa kule, wote nilitaka niwashike shingo kwa pamoja.

"Sasa umemwambia ukweli," nilisema. "Umemwambia walimdanganya."

"Ameniuliza. Analia, ananiuliza, ni kweli ulisema? Sema kama ni kweli."

"Ukamwambia?"

"Nikamwambia ni kweli. Nilisema zamani, hata sikufikiria mara mbili."

Nje mtu aligonga dirisha akitaka sahani. Akainuka, akampakulia, akampa, akarudi kwenye sufuria akainama kuonja. Akaongeza chumvi. Nilimtazama nikaona maisha yake yote yaliyobaki yatapita ndani ya chumba kile, kwa ajili ya maneno ambayo sasa ameyakubali bila hata kupewa alichoahidiwa.

"Lakini huyo ni mjanja tangu mtoto," alisema akiwa amenipa mgongo. "Ananiuliza, kama uko na pasipoti, mbona huji kuniona?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia madam hanipi likizo."